Mikia ya Salongo

Jumamosi, 6 Julai 1974

Nimefika kwa Nyakulu, bibi yangu, saa tisa mchana, mweupe kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu. Tonton Évariste, mdogo wake baba, ndiye aliyenileta kwa lori lake, lile linalobeba magunia ya depo, ghala lake. Njia nzima kutoka Bukavu aliimba. Tulipopita Nyangezi alinyoosha mkono nyuma ya kiti akanipa daftari hili.

“Shika, mwalimu. Ilibakia moja tu mu depo.”

Pembe yake moja ya chini imeliwa, kama mkate uliomegwa na mtoto. Nimeifunika kwa karatasi ya kahawia niliyoibandika kwa uji wa muhogo, na sasa haionekani.

Citoyenne (Raia) Nabintu, mwalimu wetu wa biolojia, ametaka kila mmoja wetu achague mnyama mmoja anayeishi karibu na watu, amwangalie likizo nzima, kisha aandike. Alisema: “Mliyoyaona kwa macho yenu, yaandikeni katikati ya ukurasa. Mliyoambiwa, yaandikeni pembeni.” Ripoti itakuwa ya Kifaransa. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili, kwa sababu Nyakulu atataka nimsomee.

Kuna sababu nyingine. Baba anahamishiwa Kisangani mwaka ujao, na likizo hii huenda ikawa ya mwisho kwangu hapa. Babu hayupo tena tangu Pasaka ya mwaka jana. Nataka nisisahau kitu.

Shuleni, tangu sheria ya majina ilipokataza yale ya ubatizo, mimi ni Cibalonza. Nyakulu, mama yake baba, amenipokea mlangoni kwa jina langu la ubatizo, “Marie-Louise wangu”, na sheria imebaki barabarani.

Jumapili, 7 Julai

Misa. Vumbi. Maharagwe na ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Jumatano, 10 Julai

Sabuni ya Nyakulu imeliwa nusu. Kamba ya kikapu pia, na ulimi wa kiatu changu cha shule. Darini wanakimbia hata mchana.

“Ba panya ba leo habana adabu,” Nyakulu amesema akikata kipande cha sabuni kilichotafunwa. “Wakati ya Babu yako, panya alikuwa na kwake, na siye tulikuwa na kwetu.”

Ni kweli, nakumbuka. Kila mavuno ya mtama Babu aliacha mstari mmoja bila kuukata, ule wa mwisho kabisa, unaopakana na majani ya kijito. Nilipokuwa na miaka sita nilimwuliza ni wa nani. Akasema ni wa wenye shamba wadogo. Tulichuchumaa pale hadi miguu yangu ikafa ganzi, ndipo akatokea panya mdogo mwenye mistari mgongoni, mistari iliyokatika-katika, kana kwamba mtu amemchora kwa kalamu huku akiinua mkono mara nyingi. Alipanda bua, likainama, akala akiwa anabembea. Babu alicheka bila sauti, kwa mabega tu.

Sasa mstari ule haupo. Tonton Évariste aliulima mwaka uleule Babu alipofariki. “Udongo haiko ya kulisha panya,” alisema, na sote tukacheka, nami nikiwamo, kwa sababu Tonton husema vizuri.

Nimechagua mnyama wangu. Ni panya.

Jumamosi, 13 Julai

Leo ilikuwa salongo, kazi ya wote ya kila Jumamosi. Tumefagia barabara, kisha chef wa localité, mkuu wa kijiji, amesimama juu ya jiwe. Zamani aliitwa Barthélemy. Sasa ni Citoyen Mugaruka, na ukisahau anageuza uso kama hakusikia.

“Panya zinatumaliza,” alisema. “Kuanzia posho ijayo, Jumamosi kama leo, kila nyumba italeta mikia kumi. Mikia tu. Miili itanuka hapa bure.”

Maman Eulalie, jirani yetu, aliinua mkono. “Citoyen chef, na kama panya yangu mukia ilikatika?”

“Ulete kipande.”

“Basi miye nitaleta vipande kumi vya mukia moja, tumalize.”

Watu walicheka hadi chef naye akaficha mdomo. Tonton Évariste ametoa beseni la bati kutoka depo yake, la kuwekea mikia.

Jumanne, 16 Julai

Wamechoma majani yote ya kijito. Panya wa nje hukimbia moto na kuuawa kwa fimbo, ni rahisi. Hakuna aliyewinda ndani ya nyumba. Wa ndani ni wajanja mno.

Jumamosi, 20 Julai

Mikia mia mbili na kumi na mitatu. Chef amefurahi sana.

Wakati tukiwa huko, panya wamekula mshumaa wa Nyakulu.

Jumapili, 21 Julai

Moshi umefunga milima. Jua lilikuwa jekundu tangu asubuhi, unaweza kulitazama bila kuumia macho.

Jumanne, 23 Julai

Chini ya njia, peke yake, anakaa Papa Télesphore. Alitoka Mwenga, kwenye misitu, zamani za Wabelgiji, akaja kubandua magome ya mkinini, mti wa dawa ya malaria. Shamba lilipofungwa hakurudi kwao, na Babu alimpa kiwanja. Ni mwembamba, ana sauti ya puani, na humtania kila apitaye. Watu wa hapa humcheka kwa sababu anakula panya wa porini. Maman Eulalie anasema amefuga kikapuni panya mkubwa kama paka, na kwamba huyo ndiye mama anayezaa hawa wanaotumaliza. Tonton pia anasema hivyo. (Haya niliambiwa. Nimeyaandika pembeni, kama Citoyenne alivyotaka.)

Leo Nyakulu amenituma nimrudishie jembe. Nilienda polepole.

“Umekuja kuona mama ya panya,” alisema kabla sijamsalimia.

“Nimeleta jembe, Papa.”

“Jembe weka pale. Mama ya panya iko huku. Kuja uone, batu ba Bukavu basiseme nilikuficha.”

Ni kweli ni mkubwa kama paka. Lakini ni mpole, anapepesa macho kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mashavu yake yalikuwa yamevimba. Papa Télesphore alimgusa kidogo, naye akaanza kutoa maharagwe mdomoni, moja, jingine, jingine, kama mama mzee afunguaye pindo la kitenge. Nilihesabu thelathini na moja. Mkia wake ni mweusi kutoka mwilini hadi katikati, na kutoka katikati hadi mwisho ni mweupe, kana kwamba umechovywa kwenye maziwa.

“Anazaa wale wadogo wa nyumbani?” niliuliza.

“Ngombe inazaa mbuzi?”

“Hapana.”

“Basi. Na huyu anazaa bana kama yeye, babili, batatu, shimoni kule ku musitu. Nilimukamata pale juu. Nikimaliza kumunenepesha nitamukula, na chef sitamwalika.”

Kisha alinionyesha mwingine aliyemtega karibu na kijito. Mfupi, mnene, tumbo la rangi ya kutu, manyoya laini kuliko nilivyotegemea. Nilipomshika mkia, mkia ukabaki mkononi mwangu. Nilitaka kulia.

“Njo vile yuko,” alisema. “Mukia yake inakatika haraka, anakuachia, anaenda zake. Huyu anakula wadudu na minyoo. Hajakula sabuni yenu hata siku moja. Chef anahesabu mikia, haangalii. Mukia bila mwenyewe haisemi kitu. Uniletee ule mwenye anakula sabuni.”

Nyumba yake haina dari, na hakuna kitu chini. Mtama, muhogo, yote yananing'inia kwa waya uliopitishwa kwenye vifuniko vya kopo. Kopo moja la mafuta limefungwa kwa bati na udongo. Aliligonga kwa kidole: “Maharagwe ya Babu yako. Alinipatia mbegu wakati nilijenga hapa. Kila mwaka napanda, kila mwaka nabakisha.” Ni yale yale ya zambarau yenye milia myeupe anayopanda Nyakulu kila mwaka.

Jumatano, 24 Julai

Mtego wa tofali wa Nyakulu umemponda mmoja jikoni. Nimempeleka kwa Papa Télesphore kwenye jani la mgomba.

Hakunieleza mengi. Alimlaza, akamnyoosha, akaushika mkia na kuukunja mbele juu ya mgongo, kama unavyokunja utepe wa kupimia. Mkia ukapita masikio, ukapita pua, ukazidi kwa upana wa vidole vitatu. Wote rangi moja, bila nywele. Masikio makubwa, membamba, unaona mwanga kupitia kwayo.

“Mugeni,” alisema.

“Kutoka wapi?”

“Miye nilimuona mara ya kwanza Uvira, ku port, mu ba sac ya mahindi. Zamani. Hapa kwetu, haiko hata myaka mbili.”

Nilingoja aendelee. Alirudi kwenye mkeka wake.

Jumamosi, 27 Julai

Mikia mia moja na themanini. Sasa wanachoma mbali zaidi, hadi juu kwenye mpaka wa msitu.

Jumamosi, 3 Agosti

Siku mbaya.

Papa Télesphore alileta mikia mitatu badala ya kumi. Mirefu, nusu nyeusi, nusu nyeupe. Alipoiweka kwenye beseni, wanawake walirudi nyuma.

“Mumeona,” alisema Maman Eulalie. “Iko na bengine kule kwake. Anabafuga.”

“Nimebatega ku musitu, Maman. Hata weye nitakupatia paja.”

Mara nyingine wangecheka. Leo hakuna aliyecheka. Mbegu za watu zinaliwa, na mvua iko karibu. Tonton Évariste alichukua mkia mmoja kwa vidole viwili, akauinua juu ili wote waone.

“Ndugu zangu, tunaua watoto kila posho, na mama yabo iko anakula maharagwe mu kikapu, chini ya njia yetu. Tutamaliza namna gani?”

Alisema vizuri, kama kawaida yake. Ndipo sauti zikaanza: arudi kwao Mwenga, nyumba ivunjwe, miti yake ijengee daraja. Chef alipiga filimbi. Ameamua hivi: Jumamosi tarehe 24, kama panya watakuwa bado wapo, salongo ya siku hiyo itakuwa kubomoa nyumba ya Papa Télesphore.

Yeye aliuliza jambo moja tu. “Na kama mukibomoa na panya babakie, mutanijengea?”

Aliteremka njia yake polepole. Ana miaka hamsini na kitu. Nilipotazama nilimwona Babu akiteremka kando yake, jinsi walivyokuwa wakifanya, wakibishana kuhusu mitego.

Jumapili, 4 Agosti

Nimeamua kupima. Nina rula, kalamu mbili na siku ishirini.

Jumatano, 7 Agosti

Ninazunguka kila asubuhi kwenye nyumba ambazo mitego imekamata. Wananiita “dokta wa panya”. Wananipa mwili baada ya kukata mkia, kwa hiyo lazima nitafute na mkia wake, nilinganishe kidonda na kidonda. Kazi hii haina harufu nzuri. Nyakulu ameninyima kisu chake.

Nimepima kumi na tisa. Waliouawa nje kwenye majani ni kumi, na waliouawa ndani ni tisa.

Wa nje hawafanani wao kwa wao. Wako wa tumbo la kutu, mkia mfupi. Wako wa kijivu wasio na alama, ambao jike wao ana chuchu nyingi kama vifungo vya kanzu ya padri; mmoja nilimhesabia ishirini. Mkia wao ukiukunja haufiki mbali. Na yuko wa mistari, wa Babu. Wa mistari amenisumbua, kwa sababu mkia wake unaweza kuzidi mwili kidogo. Lakini mgongo wake unasema jina lake, huwezi kumkosea.

Wa ndani wote tisa ni mgeni yule yule. Mkia mrefu wa rangi moja, masikio makubwa, na jike ana chuchu kumi.

Mmoja wa mistari alikuwa na mimba. Nimemzika kwenye mwisho wa shamba, pale mstari ulipokuwa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimechora kijiji. Kila mgeni aliyekamatwa ni nukta nyeusi. Kwa Papa Télesphore hakuna nukta. Juu kwa katekista, mbili. Kwa Maman Eulalie, tisa. Kwetu, saba. Nukta zinaongezeka kadiri unavyokaribia barabara, hadi mahali pamoja.

Mahali hapo ni depo. Mgiriki aliyekuwa nayo aliondoka mwishoni mwa mwaka jana, serikali ilipowapa wananchi maduka ya wageni, na Tonton akaipata. Mgiriki alikuwa na paka watatu na mfagizi mmoja. Nakumbuka, nilipokuwa mdogo, sakafu yake ilikuwa inang'aa. Sasa magunia yamejaa hadi dirishani, mahindi na ndagala kutoka Kalundu, bandari ya Uvira. Yanapita Sange, yanapanda Ngomo, yanashushwa hapa. Tonton ndiye anayeyaleta.

Jumanne, 13 Agosti

Tonton amenipa pakiti ya biskuti, na kofia ya jua. Siandiki leo.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Tonton ameimba sauti ya pili kanisani. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo niliiona shingo yake, inafanana kabisa na ya Babu. Baada ya Misa alinishika bega. “Dokta, unapima nini kila siku? Ule Mulega ya Mwenga anakudanganya.” Nikasema napima mikia tu.

Hiyo haikuwa kweli yote.

Jumamosi, 17 Agosti

Mikia mia mbili na miwili. Upepo wa vumbi. Papa Télesphore ameanza kufunga vitu vyake. Kikapu cha panya mkubwa kiko wazi na hakuna kitu ndani. “Nimemuachia,” alisema. “Alinenepa vizuri, lakini sina tumbo ya kukula.”

Jumatatu, 19 Agosti

Asubuhi Nyakulu ameshusha kikapu cha mbegu. Kila mwaka, baada ya mavuno, huchagua maharagwe ya zambarau moja moja, huyachanganya na majivu, hufunga mdomo wa kikapu kwa majani ya mgomba na kukitundika juu ya moshi wa jiko. Babu alisema ndani ya kikapu hicho kuna mama yake na bibi yake.

Kilikuwa chepesi. Alijua kabla hajakifungua, nilimwona usoni.

Ndani kulikuwa na majivu, maganda, na kiota. Watoto sita wekundu, macho yamefumba. Nyakulu alikaa chini palepale. Mimi nikakitoa kiota ili nikipeleke nje, na ndipo nikakiangalia. Hakikusukwa kwa majani. Kilisukwa kwa nyuzi za gunia, laini, zimechambuliwa kama pamba, na kati yake mlikuwa na nyuzi za buluu. Kwenye kipande kimoja palikuwa na herufi mbili nyeusi, K na A, mwanzo wa Kalundu.

Nyakulu hajui kusoma, lakini nyuzi za buluu anazijua. Ndizo za magunia ya mwanawe.

Kisha akasema: “Soma.”

“Nisome nini, Nyakulu?”

“Ile unaandikaka kila siku. Yote. Usiruke.”

Nikasoma. Nilisoma sabuni, na mstari wa mtama, na mikia, na shavu lenye maharagwe thelathini na moja. Nilipofika kwenye mchoro na depo sikuruka. Nilisoma hata biskuti.

Alipangusa majivu mikononi. “Ule mustari ya Babu yako, Évariste aliuliza kama aukate, na miye nikasema ukate, juu sikutaka ugomvi na mutoto wangu. Panya zilikuja, nikanyamaza. Banasema ni Télesphore, nikanyamaza. Sasa angalia kikapu.”

“Nitasema kwenye salongo,” nilimwambia.

“Apana. Mutoto hasimamie baba yake mudogo mbele ya batu. Weye utapima. Kusema, nitasema miye.”

Alhamisi, 22 Agosti

Nimekamata wote ninaowahitaji. Nimeomba chumvi ya kuwahifadhi. Papa Télesphore amenipa mkubwa mwingine, mfu, aliyemkamata mtegoni, bila kutania.

Jumamosi, 24 Agosti

Walikuja na nyundo, mapanga na kamba. Tonton alileta lori la kubebea miti. Papa Télesphore alikuwa amekaa juu ya sanduku lake mbele ya mlango, amevaa koti, na kopo lake la mafuta liko kati ya miguu.

Nyakulu aliteremka njia mbele yangu akiwa na ungo kichwani. Aliushusha katikati ya watu, na chef, aliyekwisha weka filimbi mdomoni, akaitoa.

“Citoyen chef, mbele ya kubomoa, mujukuu wangu atapima. Ni dakika kidogo.”

Niliwapanga juu ya majani ya mgomba: wa mistari, wa tumbo la kutu, wa kijivu, mkubwa, na mgeni. Sikuangalia watu, niliangalia mikia. Nikaukunja mkia wa kutu: haukufika hata shingoni. Wa kijivu: haukuipita pua. Wa mistari: ulifika puani, nikawaonyesha mgongo. Mgeni: ulipita pua kwa vidole vitatu, na watu waliosimama nyuma wakasogea.

“Na ule mukubwa?” aliuliza Maman Eulalie. “Kunja na yake.”

Hilo ndilo nililoliogopa. Nikaukunja, nao ukapita pua.

“Umeona. Iko na mukia ya bale bale. Ni mama yabo.”

“Maman,” nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, “angalia rangi yake. Nusu ni nyeupe. Wewe umekamata tisa nyumbani kwako, mimi niliwapima. Kuna hata mmoja mwenye mkia mweupe?”

Alifikiri. Huyu mama husema sana, lakini hasemi uongo. “Hakuna,” alisema.

“Kuna mwenye mifuko kwenye mashavu?”

“Hakuna.”

“Mwana-ngombe inazaliwa na alama ya ngombe,” alisema Papa Télesphore kutoka kwenye sanduku lake, akiangalia juu, kama mtu anayeongea na mawingu.

Chef alikuja akachuchumaa. Alichukua mgeni mwenyewe, akaukunja mkia. Akachukua wa mistari, akaukunja. Kisha akaangalia beseni lake. Wiki sita za mikia iliyokauka, na hakuna awezaye kusema ni ya nani. Nilimwonea huruma.

“Sasa huyu mugeni, nani alimuleta?” aliuliza.

Nyakulu akafunua kitambaa kwenye ungo. Kiota kilikuwa pale. Alivuta uzi mmoja wa buluu na kumpelekea mwanawe, mkono umenyooka.

“Évariste, baba, hii uzi unaijua?”

Tonton angeweza kusema hapana. Watu wanampenda, na yeye anajua kusema. Aliuviringisha uzi kwenye kidole chake, akaufungua, akauviringisha tena. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Papa Télesphore na sanduku lake.

“Ni ya sac yangu,” alisema. “Sikujua, Mama.”

“Miye nilijua nusu, na nilinyamaza. Tuko babili.”

Kisha mapanga yakaanza kushushwa chini, moja moja. Chef alisimama, akajifuta magoti, akasema nyumba ibaki, na kwamba salongo ijayo itakuwa kusafisha depo.

“Asante, citoyen chef,” alisema Papa Télesphore. “Na ile mikia yangu tatu, mutanirudishia?”

Maman Eulalie ndiye aliyecheka wa kwanza.

Jumatatu, 26 Agosti

Tonton hakungoja salongo. Ametoa magunia yote juani. Chini ya safu ya mwisho kulikuwa na viota kumi na vinne. Alivitoa kwa mikono yake, bila kuimba.

Jumanne, 27 Agosti

Maman Eulalie amempelekea Papa Télesphore sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo. Aliipokea kwa mikono miwili. Hakula mpaka mama huyo alipoondoka.

Jumapili, 1 Septemba

Mvua.

Jumatatu, 2 Septemba

Nyakulu alikuwa akilima shamba ambalo hana cha kupanda ndani yake. Papa Télesphore alikuja na kopo lake la mafuta, akavunja udongo, akafungua bati. Yalimwagika kwenye ungo, ya zambarau yenye milia myeupe, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

“Ni yako, Maman,” alisema. “Nilikuwa nakuwekea tu.”

Nyakulu alilishika moja, akaling'ata kidogo, akalirudisha. Ndipo akalia, siyo siku ile ya kikapu.

Jumatano, 4 Septemba

Tumepanda. Kwenye mwisho wa shamba, upande wa kijito, tumepanda tena mstari wa mtama wa kuachwa. Tonton ndiye aliyevuta kamba ili unyooke. Majani yaliyoungua yameanza kuchipua. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sikuona kitu, lakini chini ya jani moja kulikuwa na njia nyembamba, imekanyagwa karibuni.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimerudi Ibanda, kwetu Bukavu. Nyakulu alisimama barabarani hadi kona, na Papa Télesphore alipiga kelele niandike majina yake vizuri kwenye ripoti, yote mawili, la ubatizo na lile la sheria.

Tonton hakuimba. Kabla ya Nyangezi alisimamisha lori, akatoa daftari jipya chini ya kiti, pembe zote nne ziko salama. “Ile ya zamani utupe,” alisema. Nikamwambia nitaandika ndani ya hilo jipya nikiwa Kisangani. Alifikiri kidogo, halafu akasema: “Kule uandike pia habari yangu nyingine.” Nikaahidi. Tulipoanza kuona ziwa alianza kuimba kwa sauti ya chini, nami nikamsaidia.

Jioni hii nimeibandua karatasi ya kahawia niliyoibandika kwenye pembe ya daftari siku ya kwanza. Alama za meno zipo, mbili mbili, safi. Nimezipima kwa rula. Nilikuwa na mnyama wangu mkononi tangu tarehe 6 Julai, nikamfunika kwa uji wa muhogo, kwa sababu zawadi ilitoka kwa mtu ninayempenda.

Hilo sikuambiwa. Nitaliandika katikati ya ukurasa.